Ndege wa Uani Baridi Inapoingia: Anzia Dirishani

Hapa Minnesota ukimwambia mtu unataka kujifunza ndege, atakuambia usubiri Mei. Mei ndege wamejaa, wamevaa rangi, wanaimba tangu alfajiri. Ni kweli tupu, na ndiyo maana Mei ilinishinda miaka miwili mfululizo. Unasikia sauti kumi kwa mpigo, miti imefunga majani, na ukiinua darubini mwenye sauti keshahama tawi. Mwaka wa tatu nilianza Oktoba, tena bila kukusudia. Nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya usiku, nimesimama kwenye dirisha la jikoni na kikombe cha chai, nikaona kindege chenye kichwa cheusi kinachomoa mbegu moja kwenye ua la alizeti lililokauka, kinaondoka nayo, kinarudi kuchukua nyingine. Mti wa nyuma haukuwa na jani hata moja. Nilikiona kila kilipotua.

Tangu hapo, mgeni yeyote akiniuliza, namwambia aanze baridi inapoingia. Aina za ndege zinapungua, majani hayakuzibii, na njaa inawasogeza karibu na nyumba. Utakuwa na aina nane au kumi za kujua badala ya themanini, na ni hao hao kila siku hadi Machi.

Neno moja kuhusu lugha. Vitabu huuita msimu huu vuli, lakini kwetu Tanga vuli ni mvua, matope na kumbikumbi kwenye taa. Huku ni majani kugeuka manjano na mekundu, sakitu kwenye nyasi asubuhi, halafu theluji. Nitataja miezi tu, tusichanganyane. Ukiwa Ohio au Ontario, ndege wengi ni hawa hawa. Ukiwa Uingereza au Norwei, hatua hazibadiliki ila majina ni mengine.

Hatua ya 1: Chagua dirisha moja

Usitafute dirisha zuri. Tafuta lile ambalo ungesimama hata kama ndege wasingekuwepo: la jikoni, la kando ya meza ya watoto wanapofanyia kazi za shule. Simama hatua moja nyuma ya kioo na uzime taa ya ndani. Ndege haogopi nyumba, anaogopa kitu kinachosogea ghafla.

Muda mzuri ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, kwa sababu usiku mzima wameishi kwa akiba ya mafuta ya mwilini na sasa wana njaa. Kuna kipindi cha pili kabla jua halijazama, na hapo ujihadhari. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na kufika Desemba jua la Minneapolis linazama saa kumi na nusu. Kwa mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili mwaka mzima, hii peke yake ni mtihani.

Darubini si lazima mwanzoni. Ukinunua, chukua iliyoandikwa 8x42: nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Za kukuza mara 12 zinavutia dukani, lakini mkono ukitikisika kidogo tu ndege anacheza ngoma.

Wa ghorofani, soma mkataba wa nyumba kwanza. Majengo mengi yanakataza kulisha ndege kwenye baraza kwa sababu ya panya na vinyesi. Pengine watakuruhusu kibakuli cha plastiki kinachonata kwenye kioo. Wakikataa hata hicho, dirisha lenyewe na mti wa barabarani vinatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Waage wanaoondoka

Anza kutazama Septemba, kabla baridi haijawa baridi, ili ujue nani katoweka.

Mbayuwayu ndio wa kwanza. Ni yule yule tunayemwona nyumbani akikata hewa juu ya viwanja vya mpira mvua za vuli zinapokaribia, spishi moja kabisa, ila safari zao ni mbili. Wa Ulaya hushuka Afrika, na wa Amerika Kaskazini hushuka Amerika ya Kati na ya Kusini. Ukimtazama vizuri, wa huku ana tumbo la rangi ya chungwa iliyopauka, wakati wale wanaokuja kwetu wengi wana tumbo jeupe na mkanda mweusi kifuani. Septemba moja nilimwandikia dada yangu kwamba nimemtumia mbayuwayu, awapokee. Nilipojua ukweli ilinibidi nimwombe radhi.

Ndege mvumaji mwenye koo jekundu, yule anayesimama hewani mbele ya ua kama ndege chozi aliyefungwa mota, anaondoka kati ya Septemba na siku za kwanza za Oktoba. Majirani watakuonya uondoe maji ya sukari mapema usije ukamchelewesha akafa na baridi. Usihofu. Kinachomwondoa ni mchana kufupika, hata akiona sukari bado. Acha chombo chake mpaka wiki mbili zipite hujamwona hata mmoja, maana anayepita Oktoba ametoka mbali kaskazini na anahitaji nguvu. Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji. Usitie rangi, usitie asali.

Ndege wadogo wengi husafiri usiku, na taa zinawapotosha. Mwezi Septemba na Oktoba zima taa za nje kuanzia saa tano usiku.

Na ukipata siku ya mapumziko katikati ya Septemba, panda Duluth, mwendo wa saa mbili na ushee kutoka Minneapolis, uende Hawk Ridge. Mwewe na vipanga hawapendi kuvuka Ziwa Superior, wanafuata ukingo wake, kwa hiyo wote wanapita juu ya kilima kimoja. Septemba 15, 2003 walihesabiwa zaidi ya 100,000 kwa siku moja. Si ndege wa uani, najua, lakini nisingejisamehe kutokukuambia.

Hatua ya 3: Acha kufagia

Hatua hii haigharimu kitu, na kwa sisi tuliolelewa kufagia uwanja kabla jua halijatoka, ni ngumu kuliko zote. Majani yaliyoanguka yanaficha wadudu na mbegu. Maua yaliyokauka yana mbegu. Vichaka vilivyochakaa ni mahali pa kujificha upepo na mwewe. Ua safi ni ua mtupu.

Mama alipokuja kututembelea ilikuwa Oktoba. Siku ya tatu nilirudi kazini saa moja asubuhi nikakuta uwanja wa nyuma unang'aa, majani yote yamo kwenye mifuko kumi na mmoja, na alizeti zimekatwa na kufungwa mzigo kama kuni.

"Mwanangu, majirani watasema nini?" akaniuliza.

Nikamshukuru. Nikasubiri alale mchana, nikamwaga mifuko mitatu nyuma ya banda. Kesho yake ndiye aliyeniita dirishani: "Njoo uone, hawa wanachakura kama kuku!" Walikuwa junko, nitawaeleza hapo mbele, na kweli wanachakura: wanaruka mbele kidogo, halafu miguu yote miwili inarudi nyuma kwa pamoja na majani yanaruka.

Suluhisho letu lilikuwa hili: mbele ya nyumba tunafagia, maana manispaa nyingine zina kanuni zao na majirani wana macho, nyuma hatugusi mpaka majira ya joto yakaribie.

Hatua ya 4: Weka chakula, lakini kwa akili

Chombo cha kuning'iniza chakula nitakiita kilishio. Cha kwanza kiwe bomba la plastiki lenye matundu na vijiti vya kukalia. Ukiishi kaskazini penye dubu, usitundike chochote mpaka Desemba dubu wakiwa wamelala.

Ukinunua kitu kimoja tu, nunua mbegu za alizeti nyeusi ndogo, zile za kukamulia mafuta, si zile kubwa zenye mistari. Ganda lake ni jembamba, mafuta ni mengi, na karibu kila ndege wa uani anazila. Ogopa mifuko ya bei rahisi yenye mchanganyiko. Ukiifungua unakuta nusu ni mtama mwekundu, na ndege wengi wa upande huu hawautaki: wanauchokonoa kando na kuumwaga chini, pale unaota ukungu, panya wanapata habari. Iliniuma kidogo kuona mtama unadharauliwa hivyo. Wahenga wametuonya tusimwage mtama penye kuku wengi. Hapa ungemwaga gunia zima na kuku wasingegeuza shingo.

Kuna mbegu nyingine nyembamba, nyeusi, kama ncha za sindano, zinauzwa kwa jina la nyjer na ni ghali. Usidhani zinatoka Niger. Asili yake ni Ethiopia, huko huitwa nug, na watu hukamua mafuta yake. Jirani yetu Mwethiopia aliponiona nazijaza kwenye kilishio alicheka mpaka akashika ukuta: "Hiyo ni chakula chetu!" Kabla ya kuingizwa Marekani huchomwa kwa joto zisiote, kwa hiyo usihangaike kuzipanda. Chiriku wanazipenda sana. Zinunue kidogo kidogo, maana zikikaa muda mrefu zinakauka na ndege wanazisusa.

Kwa vigogota weka shahamu ya ng'ombe ndani ya kijikapu cha waya. Zipo za dukani zimefungwa vipande vya mraba, ila muuza nyama wa halali ninakonunua hunipa mafuta ya figo kwa bei ya kutupa. Yasiwe na chumvi wala viungo, na usiweke mabaki ya pilau eti ndege nao ni wageni. Siku zikipata joto yaondoe, yanachacha.

Karanga ni nzuri, ila ziwe hazina chumvi na hazina ukungu. Sumukuvu tunayoisikia nyumbani kwenye mahindi na karanga inaua ndege pia. Mkate na ugali viache. Vinajaza tumbo bila kuleta mafuta, na usiku wa nyuzi hasi 20 za Selsiasi ndege anahitaji mafuta.

Sasa kindi. Utamchukia, halafu utamheshimu. Sheria ya hapa ni futi 5, 7, 9: kilishio kiwe juu ya nguzo, futi 5 kutoka ardhini, futi 7 kutoka kwenye mti au ukuta wa karibu, na futi 9 chini ya tawi lolote, na nguzo ivishwe bati la umbo la koni. Mimi sikuwa na nafasi hiyo. Nilichofanya ni kununua mbegu zilizopakwa pilipili. Ndege hasikii ukali wa pilipili, mnyama anausikia. Ukikumbuka pilipili kichaa inavyojiotea pembeni mwa ua nyumbani bila mtu kuipanda, utajua ni nani aliyekula na kuleta mbegu. Kindi wangu alionja, akakaa akijifuta mdomo kwenye kijiti kwa dakika nzima, akaenda kwa jirani. Alirudi baada ya siku nne, lakini siku nne ni siku nne.

Mahali pa kutundikia ni suala la uhai. Inakadiriwa kwamba Marekani peke yake vioo vinaua ndege mamia ya mamilioni kila mwaka, na vioo vya nyumba za kawaida vina sehemu kubwa. Weka kilishio ama karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asipate kasi ya kujiumiza, au mbali, mita 9 au zaidi. Katikati ndipo hatari ilipo. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati ya kioo haisaidii. Kinachosaidia ni alama ndogo upande wa nje wa kioo chote, zilizoachana sentimita 5 hivi. Mwanangu alizichora zote kwa kalamu ya rangi nyeupe Jumamosi moja, akalipwa kwa chapati.

Usafi: kila baada ya wiki mbili mwaga kilichobaki, sugua kilishio kwa maji ya sabuni, kiloweke kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, suuza, kikauke kabisa ndipo ujaze. Fagia maganda chini yake, hapo ndipo ufagio wa mama una kazi. Ukiona ndege amejikunyata, manyoya yamesimama, macho yamevimba, na ukimkaribia haruki, ni mgonjwa. Ondoa chakula chote kwa wiki mbili ili wasikusanyike na kuambukizana.

Maji yanasahaulika. Kuanzia Novemba kila kidimbwi ni barafu, na sahani ya maji yenye kipasha joto cha umeme italeta hata ndege wasiokula mbegu. Mimi hutoa sufuria pana lenye maji vuguvugu asubuhi na kulirudisha ndani likiganda. Usitie kemikali yoyote ya kuzuia kuganda.

Na ukisafiri je? Safiri. Hata ndege mwenye kilishio mlangoni hupata sehemu kubwa ya mlo wake porini.

Hatua ya 5: Wajue watano

Usifungue kitabu chenye ndege mia nne. Hawa watano ukiwajua, yeyote wa sita atajitokeza mwenyewe kama mgeni. Wengi hawana jina la Kiswahili, kwa hiyo nyumbani tumewapa ya kwetu.

Chikadii mwenye kofia nyeusi ndiye yule wa dirisha langu la kwanza. Kofia nyeusi, koo jeusi, mashavu meupe, mwili wa kijivu. Uzito wake ni gramu 11 hivi, sawa na sarafu mbili za robo dola. Haketi kula kwenye kilishio. Anachukua mbegu moja, anakwenda kuificha kwenye ufa wa gamba la mti, anarudi. Kila mbegu ina maficho yake, na anayakumbuka kwa wiki kadhaa. Mimi funguo za gari zinanishinda. Usiku wa baridi kali anashusha joto la mwili wake kwa nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi ili asichome mafuta yote kabla ya asubuhi. Jina lake limetokana na mlio wake, "chika-dii-dii-dii", na hapa pana jambo la kufanyia mazoezi: hesabu zile "dii". Mbili au tatu ni maongezi. Zikiongezeka, ameona adui, na kadiri adui alivyo hatari kwake ndivyo "dii" zinavyokuwa nyingi. Bundi mdogo mwepesi humpigisha nyingi kuliko bundi mkubwa, kwa sababu mkubwa hawezi kumfukuza kwenye vijiti.

Junko, hao wa mama, tunawaita "kanzu": koti la kijivu juu, kanzu nyeupe inachomoza chini, kama mzee anayetoka sala ya alfajiri kwenye kibaridi. Anashuka kutoka misitu ya kaskazini mwishoni mwa Septemba na Oktoba, na kwake Minneapolis hii ndiyo kusini kwenye nafuu. Mtafute chini, si kwenye kilishio. Mwagie uwele mweupe mdogo ardhini. Akiruka, manyoya meupe ya pembeni mwa mkia yanamulika mara moja na hutamkosea tena. Wanaobaki huku juu wengi ni madume meusi meusi; majike huendelea kusini zaidi.

Kadinali hahitaji maelezo. Dume ni jekundu lote na kishungi kichwani, na hapauki baridi ikija. Juu ya theluji unadhani mtu ametundika kitambaa. Jike watu wanalipita, na ni kosa: ni la rangi ya kahawia ya maziwa, lenye wekundu kidogo kwenye bawa na kishungi, na mdomo kama lipstiki. Wa kwanza kufika kukiwa bado na giza, wa mwisho kuondoka.

Kigogota mdogo ana madoa meusi na meupe, na dume ana alama nyekundu kisogoni. Ana ndugu yake mkubwa anayefanana naye kama pacha. Usihangaike na madoa, tazama mdomo. Wa mdogo ni mfupi, theluthi moja ya kichwa; wa mkubwa ni patasi, unakaribia urefu wa kichwa.

Chiriku wa njano atakudanganya. Agosti anang'aa kama ndimu iliyoiva, Novemba unadhani kaondoka. Hajaondoka, amebadilisha manyoya, sasa ni rangi ya zeituni iliyofifia na mabawa meusi yenye mistari myeupe. Nilikaa mwezi mzima nikijaza nyjer kwa "ndege wa kahawia nisiyemjua" huku nikilalamika kwamba chiriku wangu wamenitupa.

Wengine nitawapitia haraka. Ndege wa kijivu-bluu anayeshuka shina la mti kichwa chini ni nathachi. Shomoro ni yule yule wa mapaa ya Dar es Salaam, naye huku ni mgeni aliyeletwa na watu katika karne ya 19. Kwezi wa Ulaya, mwenye madoa meupe wakati wa baridi, alifunguliwa New York mwaka 1890, ndege 60 hivi, katika bustani ya Central Park, na leo amejaa bara zima. Mtu wa Zanzibar aliyewaona kunguru wa India hatashangaa.

Kwa usiyemtambua, programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure. Inakuuliza rangi, ukubwa na alikokuwa, au inasikiliza mlio. Lakini mtazame ndege kwanza na simu baadaye. Ukigeuza mpangilio huo utajua majina tu.

Hatua ya 6: Siku wote wakinyamaza

Ipo siku utatoka jikoni kuchukua kikombe, ukirudi hakuna ndege. Usidhani wameondoka. Angalia tena, polepole. Mara ya kwanza ilipotokea kwangu, nathachi alikuwa amelala bapa kwenye shina, kichwa chini, hasogei hata kidogo. Nilidhani amekufa. Kigogota alikuwa nyuma ya tawi, nusu mdomo unaonekana. Nilitazama saa ya jiko: dakika ya nane, ya tisa. Ndipo nikamwona juu ya uzio, kifua chenye michirizi ya rangi ya kutu, macho mekundu, mkia mrefu wenye pete nyeusi, mkubwa kama kunguru mwembamba. Ni mwewe wa Cooper, ambaye chakula chake kikubwa ni ndege. Aligeuza shingo, akajitupa kuelekea bonde, na kama sekunde ishirini baadaye chikadii mmoja akasema "dii". Ua zima likaanza upya.

Watu huniuliza kama wamfukuze. Simfukuzi. Naye ni ndege wa uani, na yeye pia ana baridi. Akianza kuja kila siku, shusha kilishio kwa siku chache atatafuta kwingine, na hakikisha pana kichaka mita tatu hivi kutoka kwenye chakula cha kukimbilia.

Hatua ya 7: Hesabu kidogo

Weka daftari dirishani, penseli si kalamu, maana wino unaganda ukitoka nao nje. Andika tarehe, saa, joto, na idadi. Kosa la kila anayeanza ni kujumlisha: chikadii watatu saa moja, wanne saa mbili, anaandika saba. Huenda ni hao hao wanne. Andika idadi kubwa uliyoiona kwa mara moja, basi. Nne.

Ukitaka hesabu yako itumike, kuna mradi unaoitwa Project FeederWatch, wa Cornell na Birds Canada, unaoanza Novemba 1 hadi Aprili 30. Kwa Marekani kuna ada ndogo. Unahesabu siku mbili mfululizo, unapumzika angalau siku tano, unahesabu tena. Ukiona ni mzigo, subiri Februari: tangu mwaka 1998 kuna hesabu ya siku nne ya ndege wa uani, bure, na dakika kumi na tano zinatosha.

Ukurasa wangu wa Novemba mmoja, saa moja na robo asubuhi, hasi 9, theluji nyembamba: chikadii 4, junko 11, chiriku 6, kigogota mdogo 1, nathachi 1, shomoro wengi (mama angesema "si hesabu hiyo"), kindi 1. Mstari wa kadinali niliuacha wazi. Nimejifunza kutokuujaza asubuhi. Jioni, taa za barabarani zikishawaka na theluji imegeuka bluu, jike linatangulia kuja chini ya kilishio, dume linafuata, wanavunja mbegu kimya kimya mpaka usione tena rangi, unasikia maganda tu. Andika 2. Wakishaondoka hao hakuna mwingine atakayekuja, unaweza kufunga pazia.